Mradi Unaoendeshwa kwa Maneno

Seva inayotunza akiba za wanachama wa SACCOS haina skrini wala kipanya. Imefungwa ndani ya kabati la chuma, pengine katika nchi nyingine, na anayeisimamia huenda asiione kwa macho maisha yake yote. Alichonacho ni dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, kishale kinachopepesa, na maneno. Akiandika amri iliyo sawa, hifadhidata inapata jedwali jipya na wanachama wanaendelea kuangalia salio zao bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Akikosea, jasho la miaka la watu linaweza kufutika kwa sekunde chache.

Vijana wengi wanaojifunza kazi ya bekiendi, yaani upande wa seva ambao mtumiaji hauoni, hulikabili dirisha hilo shingo upande. Wamekulia kwenye simu, kwa kugusa na kubofya, na kuandika amri wanakuona ni kurudishwa nyuma. Nawaomba walitazame upya. Amri ni maandishi, na maandishi yana nguvu ambayo kubofya hakuna: hunakiliwa, hutumwa kwa mwenzako, huwekwa kwenye faili pamoja na programu yenyewe, hurudiwa kesho na kompyuta bila mtu kuwepo. Muulize mtu alibofya nini juzi saa kumi jioni, atakusimulia anavyokumbuka. Muulize aliandika amri gani, ataifungua historia na kukuonyesha herufi kwa herufi.

Kuna pia suala la mtandao. Njia ya kawaida ya kuifikia seva ya mbali ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, wakati huo akiwa kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, baada ya mtandao wa chuo hicho kudukuliwa na nywila kuibwa. Kinachosafiri ndani ya SSH ni herufi tu, tena zikiwa zimefichwa kwa msimbo wa siri. Mtu aliyeko Sumbawanga mwenye mtandao wa kusuasua anaweza kuisimamia seva iliyoko Frankfurt, jambo ambalo lingemshinda kama ingebidi picha nzima ya skrini isafiri kila anaposogeza kipanya.

Sura hii inahusu chombo kimoja tu cha aina hiyo, kinachoitwa `manage.py`. Nimekichagua kwa sababu nakifahamu, kwa sababu ni cha bure, na kwa sababu anayekielewa vizuri hatapata shida akikutana na ndugu zake, kama `artisan` wa Laravel au `rails` wa Ruby on Rails. Wote wanafuata wazo lilelile: mradi mzima uwe na mlango mmoja, na mlango huo ufunguliwe kwa maneno.

`manage.py` ni sehemu ya Django, kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Python. Django ilizaliwa kwenye gazeti. Mwaka 2003, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World. Chumba cha habari hakisubiri. Mhariri anataka ukurasa wa matokeo ya uchaguzi au wa ligi ya watoto, na anautaka leo. Basi kila kilichojirudia kutoka kazi moja hadi nyingine walikikusanya mahali pamoja, na Julai 2005 mkusanyiko huo ukatolewa kwa umma, ukapewa jina la mpiga gitaa wa jazi, Django Reinhardt. Alama ya kuzaliwa ingali ipo hadi leo: ukifuta mstari wa `TIME_ZONE` kwenye mipangilio ya mradi wako, Django itafuata saa za Chicago, ambazo ndizo saa za Lawrence. Kutoka chumba hicho cha habari imefika mbali. Novemba 2023, mkutano wa kwanza wa Afrika wa jumuiya ya Django ulifanyika Zanzibar.

Ukifungua `manage.py` yenyewe utashangaa jinsi ilivyo fupi. Ni mistari kama ishirini, na kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutangaza mradi unatumia faili gani ya mipangilio, na ndani ya faili hiyo ndimo ilimotajwa hifadhidata, nywila zake na lugha ya mradi. Ya pili ni kuyachukua maneno uliyoandika na kuyakabidhi kwa Django. Django nayo hupita kwenye kila programu ndogo iliyosajiliwa ndani ya mradi, inatazama kama ina folda ya `management/commands`, na kila faili ya Python inayoikuta humo, isipokuwa zinazoanza na `_`, inaihesabu kuwa amri. Jina la faili ndilo jina la amri. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Andika `python manage.py help` utaorodheshewa zote, za Django na za kwako, kila kundi chini ya jina la programu ndogo lilikotoka.

Ninaisisitiza ile kazi ya kwanza kwa sababu wengi huipita. Amri ileile, herufi kwa herufi, hugusa hifadhidata ya majaribio kwenye kompyuta yako au hifadhidata halisi ya wanachama, kutegemea ni mipangilio ipi inayosomwa wakati huo. Amri inayoitwa `flush` hufuta data zote kwenye majedwali. Kabla ya kufuta huonya, hutaja jina la hifadhidata inayotaka kuiacha tupu, kisha husubiri uandike `yes`. Lisome jina hilo. Limewekwa hapo kwa ajili yako.

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo, ambao ni kubadilisha umbo la hifadhidata wakati watu wanaitumia. Kuandika programu mpya si kazi ngumu sana. Ugumu huanza programu ikiwa na umri wa miaka miwili, wanachama elfu tatu wamo ndani, na mkutano mkuu umeamua kwamba kuanzia sasa kila mwanachama atambulike kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ni kama kusogeza ukuta wa nyumba wakati wapangaji wamelala ndani.

Zamani Django haikuwa na jibu kamili. Amri ya wakati huo, `syncdb`, ilijua kuunda majedwali mapya tu. Jedwali lililokwisha kuwepo haikuligusa. Mwenye kutaka kuongeza safuwima aliandika mwenyewe amri za SQL, lugha ya hifadhidata, kwenye kila kompyuta na kila seva, akitumaini kwamba hakusahau mojawapo. Andrew Godwin ndiye aliyejenga programu ya nyongeza iitwayo South kuziba pengo hilo, na mwaka 2013 akachangiwa fedha na watumiaji kwa njia ya Kickstarter ili kazi hiyo aiingize ndani ya Django yenyewe. Ilitoka na toleo la 1.7, Septemba 2014. Kwa maoni yangu hakuna kingine kwenye Django kilichookoa kazi na usingizi wa watu wengi kama hicho.

Tuifuate namba ya NIDA hatua kwa hatua. Namba hiyo ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Mwanafunzi mwepesi ataitangaza kuwa ni namba, na hapo atakwama, kwa sababu namba kamili kubwa kuliko zote ambayo safuwima ya `BigIntegerField` inaweza kuibeba ina tarakimu 19. Kwa hiyo tunaitangaza kuwa maandishi, `CharField` yenye urefu wa 20, na tunataka iwe ya pekee, asipatikane mwanachama mwingine mwenye namba hiyo hiyo. Tunaandika haya kwenye faili ya `models.py`, kisha tunaendesha `python manage.py makemigrations`.

Amri hiyo haigusi majedwali. Inalinganisha ulichokiandika sasa na umbo la mwisho inalolifahamu, kisha inaandika faili ya migresheni, tuseme `0005`, inayoeleza tofauti iliyopo. Lakini kabla ya kuandika itasimama na kuuliza: wanachama elfu tatu waliopo hawana namba hii, niwajazie nini? Inakupa njia mbili, utoe thamani ya kujazia sasa hivi au uache ukajipange upya.

Hapa ndipo ninapomtambua mtu aliyeiva. Aliye na haraka atajibu kwa kuweka sifuri au nafasi tupu, ili mradi amri iendelee. Matokeo yake, wanachama elfu tatu wote watapewa namba moja, na kwa kuwa tulisema namba iwe ya pekee, hifadhidata itakataa. Mbaya zaidi ni pale ambapo hatukusema iwe ya pekee: haitakataa, na chama kitaanza kuishi na namba elfu tatu za uongo ambazo hakuna atakayezitofautisha na za kweli. Lile swali la amri ni swali la kweli kuhusu watu wa kweli. Linastahili jibu la mtu aliyezungumza na katibu wa chama.

Njia ya haki ni ndefu kidogo. Migresheni ya kwanza inaongeza safuwima na kuiruhusu iwe wazi. PostgreSQL, MySQL na SQLite zote hazioni mgongano pale wengi wanapokuwa hawana namba, hata kama safuwima ni ya pekee. Halafu ofisi ya chama inapewa wiki kadhaa za kukusanya namba na kuziingiza. Zikikamilika, migresheni ya pili inaondoa ruhusa ya kuacha wazi. Mbona tusifanye yote siku moja? Kwa sababu wanachama wenyewe wako mashambani, sokoni, safarini, na hakuna amri inayoweza kuwaharakisha.

Kabla ya kutekeleza migresheni yoyote, endesha `python manage.py sqlmigrate` ikifuatiwa na jina la programu ndogo na namba ya migresheni. Inakuchapishia SQL itakayotumwa, bila kuituma. Wengi hawajawahi kuiendesha, nami nadhani ndiyo mwalimu mzuri kuliko wote: baada ya miezi kadhaa ya kusoma inachokuonyesha, unaanza kuielewa hifadhidata yenyewe, na hutishiki tena Django isipokuwepo.

Kisha ndipo `migrate`. Hiyo ndiyo inayogusa. Inazitekeleza faili kwa mpangilio na kila inapomaliza moja inaandika kwenye jedwali la `django_migrations` jina la faili na wakati ilipotekelezwa. Ndiyo maana seva haihitaji kukumbushwa iko hatua gani. Inasoma jedwali lake yenyewe. Ukiendesha `showmigrations` unapewa orodha nzima, zilizotekelezwa zikiwa na alama ya X. Jambo moja la kulijua kabla hujachagua hifadhidata: kwenye PostgreSQL, migresheni ikivunjika katikati, kwa kawaida yote inarudishwa nyuma kana kwamba haikuanza. Kwenye MySQL mabadiliko ya umbo la majedwali hayarudishwi hivyo, na unaweza kubaki na jedwali lililobadilika nusu. Kwa mradi unaoshika fedha za watu, hiyo peke yake yanitosha kuchagua PostgreSQL.

Faili za migresheni ziwekwe kwenye Git pamoja na msimbo mwingine, wala zisifutwe na mtu kwa kuona ni uchafu. Zikisomwa kwa mfuatano zinaeleza historia ya chama: hapa walianza kutoa mikopo ya dharura, hapa wadhamini wakaongezeka kutoka mmoja hadi wawili, hapa akaunti za watoto zikaanzishwa. Wafanyakazi wawili, mmoja Mwanza na mwingine Mombasa, wakiandika kila mmoja `0006` yake bila kuambiana, Django itagoma kuendelea mpaka waziunganishe. Mgomo huo unawalazimisha wazungumze, na ni heri wazungumze siku hiyo kuliko baada ya wiki mbili.

Amri zilizokuja na Django ni mwanzo tu. Mradi unaanza kuwa wako pale unapoandika za kwako, na hakuna sheria inayosema ziwe kwa Kiingereza. Tengeneza faili ya `kumbusha_marejesho.py` ndani ya `management/commands`, weka ndani yake klasi yenye jina `Command`, tangaza humo chaguo la `--siku`, na kazi yenyewe iweke kwenye `handle`. Kuanzia hapo unaweza kuandika `python manage.py kumbusha_marejesho --siku 3`, na kila mwanachama mwenye rejesho la mkopo ndani ya siku tatu atapata ujumbe mfupi kwenye simu. Mhasibu wa chama akiisikia amri hiyo ikisomwa kwa sauti anaelewa inafanya nini. Ni faida kubwa mhasibu na mtengeneza programu wakiwa na maneno yaleyale.

Ipe amri hiyo `--jaribu`, inayoorodhesha watakaotumiwa ujumbe bila kuutuma. Iandike pia kwa namna kwamba ikiendeshwa mara mbili siku moja, mtu asikumbushwe mara mbili. Weka rekodi ya kila ujumbe uliotoka, na kabla ya kutuma itazame rekodi. Amri itarudiwa, ama kwa makosa ama kwa sababu mara ya kwanza ilikatika njiani, na mwanachama asiadhibiwe kwa hilo. Ikishindwa kabisa, irushe `CommandError`, ili programu iliyoiita ipate ishara ya kushindwa. Mashine hupeana taarifa kwa namba: sifuri ni salama, nyingine yoyote ni shida.

Anayeiita kila siku ni cron, mtunza ratiba wa mifumo ya Unix na Linux. Na hapa Waswahili tuna mtego wetu. Tunataka ujumbe utoke saa mbili asubuhi. Cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi ni 8 kwake. Atakayeandika 2 atawaamsha wanachama saa nane usiku. Hata aliyeandika 8 bado hajafika, kwa sababu seva nyingi hufuata saa za UTC, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Ujumbe utafika saa tano asubuhi, mtu ameshatoka nyumbani na fedha ameshazitumia. Kwenye seva ya UTC namba sahihi ni 5. Kuandika `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye mipangilio ya Django ni lazima, lakini hakubadilishi saa ya cron, kwani cron haisomi mipangilio ya Django.

Kiswahili kina nafasi nyingine kwenye chombo hiki. `python manage.py makemessages -l sw` hukusanya maneno yote uliyoyatia alama ya kutafsiriwa na kuyaweka kwenye faili moja ambayo mtu asiyejua Python anaweza kuijaza. Amri ya `compilemessages` huigeuza iwe tayari kutumika. Mpe kazi hiyo mtu wa chama, usimwachie mtengeneza programu. Mtu wa chama ndiye anayejua kama wanachama wanasema “rejesho” au “marudio”.

Sitaficha hatari ya dirisha jeusi, na kisa kinachoieleza vizuri kiliandikwa hadharani na wahusika wenyewe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya watu, alikuwa akishughulikia hifadhidata usiku. Alitaka kufuta folda ya data kwenye seva ya pili ili aianzishe upya. Amri aliiandika kwenye seva ya kwanza, iliyokuwa ikitumika na dunia nzima. Alipogutuka na kuisimamisha, katika gigabaiti takriban 300 zilibaki 4.5. Wakageukia nakala rudufu, na hapo ndipo msiba ulipokuwa mkubwa: nakala zilizopaswa kutengenezwa kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa kuwa toleo la chombo cha kuzitengenezea halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla kwa shughuli nyingine. Data za saa hizo sita hazikurudi.

Ninaipenda ripoti ya GitLab kwa sababu haimtafuti mtu wa kumtwika lawama. Inatafuta kasoro kwenye mfumo ulioruhusu kosa hilo litokee. Mojawapo ya marekebisho yaliyopangwa ilikuwa kubadilisha maandishi yanayotangulia kishale, ili yaonyeshe wazi uko kwenye seva ipi. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Ifanye kwenye seva zako leo: jina la seva halisi liwe jekundu. Na ukiwa kwenye mtandao unaokatika, endesha amri ndefu ndani ya `tmux`, maana SSH ikikatika bila hiyo, amri inaweza kufa katikati ya kazi.

Siku utakapokabidhiwa mradi ambao wengine waliuanza, usiharakie kubadilisha chochote. Endesha `help` uone ni amri gani waliotangulia waliziandika. Endesha `showmigrations` ujue seva iko wapi. Endesha `check --deploy` ikiwa inasoma mipangilio ya seva halisi, na usome kila onyo, hasa linalohusu `DEBUG`, maana mradi ulioachwa na `DEBUG` wazi huwaonyesha wapita njia mambo yake ya ndani kila unapopata hitilafu. Halafu chukua nakala rudufu ya jana, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, uifungue, umtafute mwanachama mmoja unayemjua na ulinganishe salio lake. Kabla ya hapo, nakuomba, usiendeshe `migrate` kwenye seva yenye fedha za watu.